Keti Kwanza Uhesabu Gharama
Maandiko: Luka 14:28-30, Mathayo 1:1-19

Somo la wiki hii limetoka kwenye kijisanduku kilichokaa kabatini mwangu tangu Januari. Ndani kuna chupa ndogo ya plastiki. Unaitemea mate mpaka kwenye alama, unafunga, unaituma kwa kampuni Marekani, na baada ya wiki kadhaa unasoma kwenye simu asili yako, ndugu zako ambao nao wamejipima, na magonjwa ambayo huenda yanatembea katika ukoo wenu. Ndicho kipimo cha DNA cha nyumbani, na vijana kadhaa hapa kanisani wameshaniuliza kama ni halali kwa mtu aliyeokoka.

Kile cha kwangu hakikuwa changu. Kililetwa na mgeni wa Desemba, kimetumwa na ndugu yetu anayeishi huko, nikipeleke kwa mwana wa kwanza wa marehemu baba mkubwa. (Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu tu, mambo ya binamu tulifundishwa shuleni.) Ujumbe uliokuja nacho kwa WhatsApp ndio ulioninyima usingizi: "Pasta, wewe anakuheshimu. Mwambie ni kipimo cha afya, ateme mate yaishe."

Haikuwa afya. Ndugu wa Marekani alijipima mwaka jana, na kampuni ikamwonyesha jamaa wa karibu asiyemjua: mama aliyepita miaka sitini, aliyezaliwa huko na kulelewa na mama yake peke yake. Anachojua ni kwamba baba yake alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya. Na baba mkubwa alisoma Marekani miaka ya sitini.

Watu wa upande huu hamhitaji maelezo mengi. Kati ya 1959 na 1963, Tom Mboya wa Rusinga na wenzake walitafuta nafasi za masomo na nauli, na vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki wakasafiri. Ndege ya kwanza ya Septemba 1959 ilibeba 81. Baba yake Barack Obama, ambaye jamaa zake wako Kendu Bay na Kogelo, naye alienda Hawaii mwaka huohuo, na mtoto akazaliwa 1961. Yule mtoto aliambiwa jina la baba yake. Wako ambao hawakuambiwa, na sasa wana nywele nyeupe na wanatema mate kwenye chupa.

Hesabu yake ni hii. Watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja hushiriki kama sehemu moja ya nane ya DNA yao, lakini kiasi hicho kinaweza pia kutokea kwa njia nyingine za ujamaa. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti hushiriki kama robo. Kwa hiyo mate ya mwana wa baba mkubwa yangemaliza kubahatisha kote. Ndiyo maana walimtaka yeye, si mimi.

Najua katika Luka 14 Bwana Yesu anazungumzia gharama ya kumfuata, si mambo ya maabara. Lakini yule mjenzi wa mnara aliniingia, labda kwa sababu nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma. Tulifundishwa kuuliza swali moja kwa kila mradi: gharama analipa nani? Bei ya kijisanduku alishalipa ndugu wa Marekani. Bei nyingine ingelipwa na mjane aliye hai, mama mkubwa wetu, na watoto wanaokaa kwenye boma lile, na hakuna aliyewauliza.

Hata upande wa kampuni ni hivyo hivyo. Kampuni mojawapo kubwa ya vipimo hivi, 23andMe, iliingiliwa na wadukuzi mwaka 2023. Akaunti zilizovunjwa moja kwa moja zilikuwa karibu 14,000. Taarifa zilizofikiwa zilikuwa za watu karibu milioni 6.9, kwa sababu kila akaunti ilifungua mlango wa jamaa zake. Machi 2025 kampuni hiyohiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, ikiwa na wateja zaidi ya milioni 15, na baadaye ikauzwa kwa dola milioni 305 kwa shirika linaloongozwa na mmoja wa waanzilishi wake. Biashara ikiuzwa, vilivyo ghalani huuzwa nayo. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za DNA kuwa nyeti, lakini ukishatuma mate ng'ambo, kufuatilia haki yako kutoka Migori ni safari ndefu.

Dada mmoja wa kwaya akaniuliza: na kama nataka upande wa afya tu? Dada, ripoti ya kwanza ya saratani ya matiti ambayo serikali ya Marekani iliruhusu kampuni hiyo itoe mwaka 2018 iliangalia mabadiliko matatu tu, yale yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Mama wa Awendo akiambiwa hana hayo, hajaambiwa kitu. Hatari yetu ya hapa ziwani tunaijua kwa jina, sikoseli. Malaria ya karne nyingi imefanya wengi wetu tuibebe bila kuumwa, na wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Hilo linapimwa kwa damu katika hospitali za hapa Kenya, na majibu unaelezwa na mtu anayekutazama machoni. Mnaopanga harusi mwaka huu, anzeni hapo. Mimi na mke wangu tulichelewa, tulipima tukiwa na mtoto wa pili tayari.

Sasa turudi kwa kijisanduku. Nilisoma Mathayo 1 mara nyingi mwezi ule. Mwandishi angeweza kuficha mengi katika ukoo ule, lakini ameweka Tamari, Rahabu, Ruthu Mmoabu, na mke wa Uria. Kwa hiyo siwezi kusimama madhabahuni niseme kunyamaza ni utakatifu, na yule mama wa Marekani hakutenda kosa lolote kwa kuzaliwa. Lakini sura hiyohiyo, mstari wa 19, inasema Yusufu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilionekana kwa kuwa hakutaka kumwaibisha Mariamu mbele ya watu. Vyote viwili viko katika ukurasa mmoja. Kumdanganya ndugu yangu ateme mate hakukuwa katika chochote.

Jumapili moja baada ya ibada nilienda bila kijisanduku, nikamweleza yote, pamoja na ule uongo nilioombwa niseme. (Ameniruhusu niandike haya, nikiacha majina.) Alikaa kimya, kisha akauliza, "Huyo mama anataka shamba?" Nikasema sijui. Tuliuliza siku hiyohiyo. Jibu likaja usiku: anataka jina, na kama ipo, picha.

"Mama ataambiwa kwanza," akasema, "na mimi ndiye nitamwambia."

Alichukua wiki mbili. Anasema mama mkubwa aliendelea kuchambua maharagwe muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu: "Ana watoto?" Asubuhi akafungua sanduku lake la bati, akatoa picha ya mumewe akiwa kijana, amevaa koti refu, amesimama kwenye theluji. Akasema ipigwe picha kwa simu itumwe, lakini ya mate yasubiri, hajafika huko.

Picha imetumwa. Chini ya kijisanduku kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, bado miezi saba. Ndugu yangu hajaamua, nami sijamuuliza tena.