Sifa Zile Zile kwa Talanta Mbili

JUMANNE

Soma Mathayo 25:14-30. Linganisha fungu la 21 na la 23. Unaona tofauti gani?

Siku ya kufunga shule, mwalimu wa Nyashimo anaposimama mbele ya wazazi na orodha ya matokeo mkononi, anahubiri hata kama hajafungua Biblia. Aliyeshika nafasi ya kwanza hupigiwa makofi na kupewa madaftari. Yule aliyepanda kutoka nafasi ya 60 hadi ya 41, huku msimu wa pamba akishinda shambani na wazazi wake, hukaa kimya, wala hakuna aliyemwona. Watoto wote wawili wamefundishwa siku hiyo jinsi thamani ya mtu inavyopimwa.

Katika mfano wa Yesu, mtumwa wa kwanza alileta faida ya talanta tano, wa pili mbili. Tungetazamia sifa za wa pili zipungue kidogo. Lakini bwana wao anawaambia maneno yale yale na kuwakaribisha katika furaha ile ile. Hakuwashindanisha. Alimpima kila mmoja kwa kile alichokabidhiwa, kadiri ya uwezo wake (fungu la 15; linganisha na Wagalatia 6:4).

Mtumwa wa tatu ana somo kwa mwalimu anayetegemea fimbo. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba aliogopa (fungu la 25). Hofu haikumwongezea bidii, ilimfanya achimbe shimo. Wapo wanafunzi wanaolijua jibu lakini hawanyoshi mkono, kwa kuwa jana mwenzao alikosea akachekwa. Hata hivyo, bwana hakuuacha uvivu upite, na mwalimu asilitumie somo hili kuacha kusahihisha madaftari. Jibu lililokosewa limekosewa. Kinachobaki ni namna ya kumwambia mtoto.

Ellen White, katika kitabu chake Elimu cha mwaka 1903, aliandika kwamba mpango wa Mungu hauna nafasi kwa ushindani wa ubinafsi. Mwaka huo huo wamishonari wa kwanza wa Kiadventista walifika Upare. Naye Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyefundisha Tabora na Pugu, alilalamika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule za msingi ziliwaandaa wachache kwa sekondari, na walio wengi wakabaki wakijiona wameshindwa. Wawili hawa hawakuwa na imani moja, lakini walimwona mtoto yule yule aliyeketi nyuma ya darasa.

Mtoto huyo huja kanisani pia.

Jadilini: Katika kundi lenu la Shule ya Sabato, ni nani ambaye hajajibu swali robo hii yote? Je, hajasoma lesoni, au aliwahi kujibu akachekwa? Nani atakwenda kumtembelea kabla ya Sabato, na atamwambia nini?