GARI LA PWANI KATIKA BARIDI YA MLIMA

Ukiwa hapa kwetu Mkongani huwezi kuijua baridi. Hata hicho kipupwe cha mwezi wa saba, ambapo nyanya zetu hujitanda leso mbili na kulalamika kutwa nzima, ni baridi ya jina tu. Barafu tunayoijua ni ile ya rangi inayouzwa kwa mifuko midogo wakati wa mapumziko. Kwa hivyo nilipoambiwa na mlezi wa chama niandike somo la sayansi kwa Kiswahili, sikuchagua jambo la kusoma kitabuni peke yake. Nimechagua jambo ambalo nusura liniue: kulitayarisha gari la kwenda kulala penye baridi.

Tuanze na lugha, maana chama chetu ni cha Kiswahili. Wengi wetu huchanganya theluji na barafu. Theluji ni neno la asili ya Kiarabu, nalo barafu tumelitoa kwa Waajemi. Ajabu ni kwamba kwa Mwajemi neno hilo ni theluji yenyewe inayoanguka kutoka angani. Sisi tumelichukua tukalipa maana ya maji yaliyoganda yakawa magumu. Sakitu ni ule umande unaoganda juu ya nyasi alfajiri. Mwaka wa 1848 mmishenari Johannes Rebmann alitoka Rabai, hapo kwa jirani zetu, akaenda hadi akauona mlima Kilimanjaro. Kile cheupe kileleni, kiongozi wake wa safari alikiita "baridi", basi. Wako wataalamu wa Ulaya waliomcheka Rebmann, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kumbe yule kiongozi na Rebmann wote walikuwa wamesema kweli!

Katika nchi za Ulaya na Marekani, majira ya baridi yakifika, watu huweka kitanda na jiko ndani ya gari, wakapakia mbao zao na kwenda milimani kuteleza. Ubao huo ni mmoja, miguu yote miwili hufungwa juu yake. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka wa 1998 kule Nagano, Japani, katika michezo ile ile ambayo Mkenya Philip Boit alikimbia kilomita 10 kwa skii. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Sisi hatuna mteremko wa kuchezea mchezo huo. Barafu ya Mlima Kenya iko juu mno, tena inazidi kupungua, na hakuna gari linaloifikia. Gari hulala chini, mita 2,400 hivi penye lango la Naro Moru, au likiwa na nguvu hupanda mpaka karibu mita 3,000. Lakini baridi iko pale pale.

Sasa nije kwa ami yangu. Ami ana nisani ya zamani aliyokuwa akibebea wageni Diani. Likizo moja ya Agosti alikodishwa na wapanda mlima, naye akanichukua pamoja na tanboi wake. Wageni walikuwa na mahema yao; sisi watatu tungelala garini. Ami aliamini gari lililozoea jua la Kwale haliwezi kushindwa na kitu.

Kwanza rejeta. Wengi huku hujaza maji ya bomba, au hata ya kisima, na gari linakwenda. Lakini maji yakiganda hupanuka, yakazidi ujazo wake kwa karibu sehemu 9 kwa 100, na chuma cha injini hakina pa kukimbilia, kitapasuka. Dawa ya rejeta ikichanganywa na maji nusu kwa nusu haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Usidhani basi dawa tupu itakuwa bora zaidi, la hasha! Dawa tupu huganda mapema, kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Hili fundi wetu alilikataa katakata mpaka nikamwonyesha kitabu.

Betri nayo hupoteza nguvu kwenye baridi, wakati huo huo oili imekuwa nzito na injini inataka nguvu zaidi ya kawaida. Betri inayosuasua Mkongani, huko juu haitawaka. Kuhusu dizeli sisi hatuna wasiwasi. Ni kwenye baridi kali ya Ulaya ndiko inakotoa nta ikaziba chujio.

Tairi zilinishangaza. Nilidhani baridi itazilegeza, kwa sababu hewa ikipoa husinyaa. Ni kweli. Lakini ukipanda mlima, hewa ya nje inayoibana tairi nayo hupungua, kwa hiyo kipimo hutaka kupanda. Nilipiga hesabu ya kutoka Likoni kwenye nyuzi 30 mpaka mita 3,000 kwenye nyuzi sifuri: mambo hayo mawili yanakaribia kufutana. Mwanafunzi wa fizikia asiyeniamini na apige mwenyewe.

Malazi: baridi haitoki juu tu, inapanda kutoka kwenye bati la sakafu. Tandika maboksi ya karatasi, kisha mkeka, kisha sponji. Sisi safari ya kwanza tuliweka mablanketi manne juu na moja chini, tukatetemeka kama vifaranga walionyeshewa. Chakula tulibeba maharagwe mabichi, kosa jingine! Kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 tu, kwa hivyo yanatokota kwa fujo na maharagwe bado ni kokoto.

Ni maharagwe hayo yaliyotuletea balaa. Usiku ulipoingia jiko la makaa lilikuwa bado linawaka, na ami akasema, "Liingizeni ndani, makaa yameshika, hayana moshi tena." Tukafunga milango, tukapandisha vioo vyote. Lo, joto lile lilikuwa tamu! Sikumbuki nilivyolala. Niliamka kichwa kinagonga na tumbo linachafuka, nikataka kutoka nitapike, miguu ikakataa. Nilianguka mlangoni na kwa bahati mlango ukafunguka. Ami alitolewa na wale wageni kwa kuvutwa mabega. Tanboi hakuweza kusimama mpaka jua lilipopanda.

Makaa yakiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hushikana na damu kwa nguvu zinazozidi za oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba sumu. Mtu hahisi kukabwa, anahisi usingizi. Na huko juu shinikizo la hewa ni kama sehemu 70 kwa 100 ya letu la pwani, kwa hiyo oksijeni yenyewe ilikuwa haba tangu mwanzo. Hatari hiyo hiyo iko kwenye injini iliyoachwa ikinguruma usiku, na kwenye nyumba yoyote iliyofungwa. Msidhani ni mambo ya bara. Masika nimeona majiko yakiingizwa vyumbani hapa hapa kijijini.

Agosti iliyofuata tulirudi. Jiko lilibaki nje, likamwagiwa maji kabla ya kulala. Dirisha moja tuliliacha wazi vidole viwili, ingawa ami alinung'unika usiku kucha, na asubuhi hata vioo havikuwa vinatiririka maji ya pumzi zetu. Tanboi alitoka wa kwanza. Juu ya gari palikuwa peupe, akakwangua kwa ukucha akaita, "Ami! Njooni muone theluji!"

"Hiyo ni sakitu," nikamwambia.

Akalamba kidole. "Baridi," akasema.