Somo: Lutuku, Bangi na Watoto Wetu

Watu wengi hapa Kamina husema, "Baba yangu alikunywa lutuku miaka yote, naye akafika uzee. Itaniuaje mimi na watoto wangu?" Neno hili lastahili jibu. Pombe iliyo katika kikombe ni moja, lakini miili inayoipokea si moja.

Tujue kwanza lutuku ni kitu gani. Mahindi na mihogo huchachushwa, kisha huchemshwa katika pipa. Mvuke hupita katika bomba linalopozwa kwa maji na kutoka matone matone. Kileo kilichokuwa kidogo katika pipa lote sasa kimekusanyika katika chupa chache. Kwa hiyo lutuku si munkoyo, wala si bia. Hakuna apimaye nguvu yake. Ya leo yaweza kuwa kali kuliko ya jana. Tena wauzaji wengine wa pombe kali huongeza vitu ili ichome zaidi. Huko Kenya, mwezi wa Mei 2014, watu zaidi ya 60 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe yenye methanoli, ambayo ni kileo cha viwandani. Ulimi hauwezi kuitambua.

Sasa tuangalie miili. Mama mwenye mimba anywapo, kileo hupita katika kondo na kitovu, njia ile ile ya chakula, na ini la mtoto aliye tumboni halina nguvu ya kukiondoa. Mtoto huyo aweza kuzaliwa mdogo, na baadaye akawa mzito wa kujifunza. Jirani watasema ni mvivu, au amerogwa. Hakuna kipimo cha pombe kijulikanacho kuwa salama wakati wa mimba. Na wale wamama wazee wanaosema kwamba pombe huongeza maziwa, tuwaheshimu, lakini katika jambo hili wanakosea: huyapunguza.

Mgonjwa wa kifua kikuu naye ajihadhari. Vidonge vyake vinalipa ini kazi nyingi, na pombe huongeza mzigo huo. Mlevi pia husahau vidonge, na ugonjwa hurudi ukiwa mgumu zaidi.

Lakini zaidi ya wote tuwafikirie vijana. Ubongo wa mtu haumaliziki kujengwa utotoni. Kazi hiyo yaendelea mpaka karibu miaka 25. Sehemu ya mwisho kukomaa ni ile inayomwambia mtu, "Ngoja, fikiri kwanza." Kwa hiyo anayeanza kunywa akiwa na miaka 14 hushikwa na ulevi upesi kuliko anayeanza akiwa mtu mzima. Ndivyo ilivyo kwa tumbako pia. Bangi, ambayo wengine huiita diamba, huharibu kumbukumbu ya mwanafunzi, na vijana wengine huingia katika ugonjwa wa akili, wakisikia sauti zisizokuwapo. Mwaka 2021 huko Kinshasa ilijulikana dawa nyingine iitwayo bombé: vijana walisaga kitu kinachosafisha moshi katika bomba la gari, wakachanganya unga wake na vidonge. Wakasimama barabarani kama watu waliolala. Msiseme Kinshasa ni mbali. Sisi tunakaa mahali ambapo njia za reli hukutana, na mambo husafiri pamoja na watu.

Hata hivyo watoto wengi hawajifunzi mbali. Hujifunza nyumbani. Baba humtuma mtoto na chupa kwa muuzaji, naye huonja njiani. Mama humkalisha karibu na pipa achunge moto, naye hukinga matone kwa kidole. Twajua kwamba mama huyo mara nyingi ni mjane, na kwamba anapika lutuku ili alipe masomo ya sekondari ya mtoto yule yule. Ni kazi bure kumkemea kanisani ikiwa hana njia nyingine ya kupata franka. Afadhali wamama wa kanisa wamwingize katika likelemba yao, zamu yake itangulie, apate mtaji wa kuuza unga, samaki au mafuta ya mawese. Kabla ya siku hiyo, mtoto asikae karibu na pipa na asitumwe na chupa.

Yuko mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, na sasa anataka kuacha. Tumsifu, lakini asiache ghafula peke yake. Akianza kutetemeka sana, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo au kupata kifafa, aletwe hospitali siku ile ile, maana aweza kufa. Wengine hufungiwa ndani ili waombewe. Ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani kumleta kwa munganga.

Na mkimkuta mtoto amekunywa lutuku akalala asiamke, msiseme, "Aache alale, itamtoka." Kwa mtoto, pombe hushusha sukari ya damu, hata apoteze fahamu au apate kifafa. Mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Msimmwagie maji baridi, wala msimtilie maziwa au mafuta mdomoni. Mfunikeni nguo, angalieni kama anapumua, mkamlete upesi pamoja na ile chupa aliyokunywa, hata ikiwa ni usiku.