Gari la Kale Lenye Injini Mpya: Kulipanga na Kulitunza kwa Njia za Uluguru

Si ajabu mjini Morogoro kuliona gari ambalo hata mwenyewe hawezi kulitaja kwa jina moja. Bodi ni ya Land Rover ya miaka ya 1970, injini ni ya Toyota, rejeta imetolewa kwenye lori dogo, na chesesi ina viraka vya mafundi wasiopungua watatu. Mwenyewe alilinunua likiwa limelala nyuma ya ghala, akalikokota hadi gereji, akalilipia kidogo kidogo kadiri mavuno yalivyomruhusu. Leo linapanda Mgeta likiwa na mbolea na kushuka na kabichi na karoti, au linakwenda Kinole na Matombo kufuata ndizi. Huko Marekani, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wapo watu waliozoea kuchukua Ford kuukuu na kuitia injini yenye nguvu zaidi kwa ajili ya kujifurahisha. Kwetu gari la namna hii ni chombo cha kazi, na kwa familia nyingi hakuna mali inayolizidi thamani ila nyumba na shamba.

Somo hili linamhusu mlaji ambaye gari lake limekwisha kuundwa, linatembea, na sasa linatakiwa kupangwa vizuri na kutunzwa. Tumechukua mfano wa Land Rover kwa kuwa ndilo gari linalofufuliwa mara kwa mara katika njia za milimani, lakini mwenye gari la aina nyingine lililobadilishwa injini atayakuta humu mengi yanayomfaa.

Nguvu imeongezeka, breki ni zile zile

Mlaji anapokabidhiwa gari lake, jambo la kwanza analolisifu ni jinsi linavyopanda. Sisi tunamwomba aangalie kwanza linavyoshuka. Land Rover ya toleo la tatu, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, kwa kawaida ilikuwa na injini ya silinda nne ya lita 2.25, na breki zake za dramu katika magurudumu yote manne zililingana na nguvu ya injini hiyo. Injini ya dizeli ya lita 3 au lita 4.2 italivuta gari hilo kwa mwendo, na kwa mzigo, ambao mtengenezaji hakuukusudia. Mwendo ukiongezeka mara mbili, tuseme kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza ili gari lisimame huwa mara nne. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu vya Mgeta viko zaidi ya mita 1,500. Hiyo ni kilomita nzima ya kushuka, gunia juu ya gunia, katika barabara yenye kona kali.

Kwa hiyo, fedha ya kwanza baada ya injini iende kwenye breki. Iwapo gari lako lina lile bakuli jeusi la mviringo linalosaidia breki, mbele ya pedeli, fahamu kwamba hufanya kazi kwa mnyonyo wa hewa. Injini ya petroli hutoa mnyonyo huo yenyewe. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mnyonyo wa kutosha, na ndiyo maana injini nyingi za dizeli za Toyota hubeba pampu ndogo ya kunyonya hewa nyuma ya alteneta. Fundi akifunga alteneta isiyo na pampu hiyo, au akaacha bomba lake bila kuliunganisha, bakuli litakuwa pambo tu. Jaribio lake halihitaji spana. Zima injini, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu, ishikilie kwa mguu, kisha washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isipozama, gari lisitoke gereji.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishazeeka huchemka mapema, na mvuke ukiingia katika mabomba pedeli huzama hadi sakafuni bila gari kushikika. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, na kwa gari la Uluguru tungependa kazi hiyo ifanyike kabla ya masika ya mwezi Machi. Usikubali hata siku moja kuongezewa oili ya injini, oili ya giaboksi au maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki. Oili hizo huvimbisha mipira ya breki, na mfumo mzima huharibika hata kama pedeli ilionekana nzuri siku ile. Dramu nazo huhitaji kukazwa kwa mkono kila zinapolika. Pedeli inayoshika baada ya kupigwa mara mbili ni dalili kwamba mabati ya breki yamekwenda mbali na dramu, ingawa huenda pia hewa imeingia.

Breki ya mkono ya Land Rover haifungi magurudumu. Hufunga shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Madereva wengi waliozoea magari mengine hawalijui jambo hili, na hutokea gari likainuliwa kwa jeki, gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, kisha likatambaa na kuanguka kwa sababu difu huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka. Weka mawe au vibao kwenye magurudumu kabla ya kuinua. Wala usiivute breki hiyo gari likiwa katika mwendo, isipokuwa hakuna njia nyingine ya kujiokoa, kwani huipiga shafti na ekseli kwa ghafla.

Katika kushuka, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza na uiache injini ilizuie gari. Desturi ya kuachia gari lishuke bila gia ili kuokoa dizeli tunaikemea kabisa. Kinachookolewa ni vikombe vichache vya mafuta, na kinachowekwa rehani ni watu waliokaa juu ya mzigo, ambao kwa kweli hawakupaswa kukaa hapo.

Joto na moshi

Gari lililobadilishwa injini huchemka kwa sababu tatu za kawaida: rejeta ni ndogo kuliko injini, feni iko mbali na rejeta au haina kava la kuelekeza upepo, au mfuniko wa rejeta haukai vizuri. Mfuniko ni kifaa cha bei ndogo ambacho hudharauliwa sana. Kazi yake ni kushikilia mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Katika mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100, na injini inayopanda na mzigo hufika hapo upesi. Nunua mfuniko wenye kipimo kinachoilingana injini uliyofungiwa, usichukue wowote unaoingia.

Wapo mafundi ambao, gari likichemka, huondoa themostati na kuitupa. Joto hushuka, mteja hushukuru, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale ukiwa umefichwa. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kulika haraka, hasa katika asubuhi za baridi za Nyandira. Ukimkabidhi fundi gari lenye themostati, lirudi nayo.

Moshi ni lugha ya injini ya dizeli. Moshi mweusi humaanisha mafuta yanazidi hewa: huenda chujio la hewa limeziba vumbi, huenda nozeli zimechoka, au pampu imefunguliwa kupita kiasi. Hili la mwisho ndilo tunalolalamikia zaidi. Ili kumfurahisha mteja, fundi hukaza skrubu ya pampu ya dizeli na gari huruka kama swala katika barabara ya lami. Lakini hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, kwa karibu sehemu moja ya kumi katika kilomita moja ya kimo, wakati pampu ya kawaida huendelea kumimina kiasi kile kile. Gari lililofukiza kidogo pale Msamvu litatoa wingu jeusi Mgeta, na joto la ziada litakwenda kuikunja silinda hedi. Omba pampu ipimwe na fundi mwenye mashine ya kupimia, na ulijaribu gari likiwa na mzigo mlimani kabla ya kuridhika. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua katika rejeta, unaelekea kwenye gasketi, na safari isiendelee.

Wenye kubaki na injini ya petroli

Wapo waliobaki na injini ya awali, na uamuzi wao una busara yake, maana breki, giaboksi na ekseli bado vinalingana nayo. Gari likikosa sailensa au likimisi, mafundi wengi hukimbilia kabureta. Tunashauri kabureta iwe ya mwisho. Anza na tapeti, ambazo kwa injini ile ya lita 2.25 hupimwa milimita 0.25. Fuata pointi za distributa, milimita 0.35 hadi 0.40, kisha plagi, kisha taimingi. Hayo yakiwa sawa, mara nyingi kabureta haitakuwa na kosa. Kazi yote ni ya asubuhi moja, na vibamba vya kupimia nafasi hizo vina bei ambayo mwenye gari anaweza kuimudu, hivyo ni vema awe na vyake.

Matunzo baada ya hapo

Gari lililoundwa upya hulegea. Bolti za vishikio vya injini, za shafti na za springi zikazwe upya baada ya kilomita 500 za kwanza, na oili ya kwanza ya injini iliyofanyiwa matengenezo makubwa imwagwe mapema, katika kilomita 1,000 hivi, kwa kuwa hubeba chembe za chuma. Ukivuka mito wakati wa mvua, kagua oili ya difu siku chache baadaye. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na oili hiyo haifai tena. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na humdanganya mnunuzi, kwani huonekana nzima wakati chesesi ya chuma iliyo chini yake inaoza kutoka ndani. Osha tope lililoganda humo, na uigonge kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe la zamani.

Kuhusu umeme tutasema machache. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli kutoka Japani zilitumia volti 24, na kuichanganya stata yake na nyaya za volti 12 ni kukaribisha moto. Kila waya mpya uwe na fyuzi, na usipite kwenye chuma chenye ncha bila kinga.

Kadi, risiti na haki yako

Kadi ya usajili ina namba ya chesesi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, namba iliyo kwenye kadi haiendani tena na gari lako, nawe unapaswa kupeleka taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania pamoja na hati za injini hiyo. Kwa hiyo usinunue injini isiyo na hati, hata ikiwa nzuri. Wajulishe pia waliokukatia bima, kwa sababu mahali pabaya pa kugundulia tofauti ya namba ni baada ya ajali. Na kama gari litabeba abiria kwa malipo, linahitaji leseni ya LATRA. Kuwachukua majirani kwa nauli ni biashara ya abiria hata ukiita msaada.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndani yake mna ulinzi wa mlaji, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Fundi anayeuza kipuri kilichotumika kwa jina la kipya anavunja sheria hiyo sawasawa na mwenye duka kubwa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Madai ya fedha yanaweza pia kufikishwa mahakamani. Lakini kote huko utaulizwa ushahidi, na gereji nyingi hufanya kazi kwa mdomo. Dai risiti. Andika katika karatasi moja, mbele ya fundi, kazi iliyokubaliwa, vipuri vitakavyofungwa na kama ni vipya au vilivyotumika, bei ya kila kimoja, muda wa dhamana, na ahadi kwamba vipuri vya zamani utarudishiwa. Wote wawili mtie sahihi. Fundi mwaminifu haogopi karatasi hiyo, kwani humlinda yeye pia dhidi ya mteja anayesahau alichoagiza.

Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako hadi baada ya majaribio, na hilo nalo liandikwe. Pakia mzigo wa kawaida, mchukue fundi akae kando yako, mpande kutoka Bigwa hadi upande wa Kiroka na kurudi. Mkifika chini, simama, ushuke, ukaribishe kiganja jirani na kila dramu bila kuigusa. Zote nne ziwe na joto linalokaribiana. Iliyo baridi haifanyi kazi, na inayonuka kuungua imeng'ang'ania. Mrudi gereji hivyo hivyo, kabla ya kuhesabiana fedha.