KUTOA BOLTI ILIYOGANDA KATIKA INJINI NDOGO

Wengi wetu tunatoka katika vijiji ambamo kuna injini ndogo: ya pampu ya maji, ya jenereta, ya mashine ya kukoboa, au ya pikipiki. Kila afunguaye injini hizo hukutana siku moja na bolti inayokataa kutoka. Hapo watu wengi hutafuta bomba refu la kuongezea mpini wa spana. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba dawa ya bolti iliyoganda si nguvu, bali ni kujua kilichoifunga na kuipa muda.

KWA NINI BOLTI HUGANDA

Sababu kubwa ni mbili. Kwanza ni kutu. Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kuwa kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Ndani ya hesi, yaani ile mifuo inayoizunguka bolti, hamna nafasi ya ziada. Basi kutu hujishindilia kama kabari. Pili, injini ndogo nyingi za siku hizi zina mwili wa aluminiamu, lakini bolti zake ni za chuma. Metali mbili za namna hiyo zikigusana penye unyevu hufanya kazi kama betri ndogo, na aluminiamu huliwa ikaacha unga mweupe uliokazana. Chumvi huzidisha jambo hilo, na ndiyo sababu injini iliyokaa karibu na bahari husumbua zaidi.

HESABU YA NGUVU

Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kwamba momenti ni nguvu mara umbali. Bolti yenye unene wa milimita 6 hufungwa kwa nyutonimita 10 hivi. Mtu akishika spana ya sentimita 30 na kuivuta kwa nguvu ya nyutoni 200, ambayo ni kama uzito wa kilo 20, hutoa nyutonimita 60. Bolti ya kawaida ya unene huo hukatika kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo kijana yeyote wa shule hii aweza kuikata hata bila bomba la kuongezea. Bolti yenyewe si ghali. Kilicho ghali ni mwili wa injini. Bolti ikikatikia ndani, au hesi ya aluminiamu ikang'oka, hasara ya shilingi chache yaweza kugeuka kuwa bei ya injini nzima.

NAMNA YA KUIFUNGUA

Kwanza, ondoa waya wa plagi, mwaga petroli yote, na uipeleke mbali pamoja na tangi lake. Vaa miwani ya kukinga macho.

Pili, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha tia mafuta ya kupenyeza. Usipoyapata, mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini yatasaidia. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa, si kwa hasira, bali kwa mapigo mafupi yanayoipasua kutu ili mafuta yapate njia. Acha usiku kucha. Asubuhi tia tena.

Tatu, tumia soketi ya pembe sita inayoenea barabara, maana spana iliyolegea hula pembe za kichwa. Jaribu kukaza kidogo sana kwanza, ndipo ulegeze. Ikisogea hata kidogo, usiendelee kwa pupa. Irudishe, tia mafuta, isogeze tena. Mkono wako na ujifunze kuhisi. Bolti inayotoka hutoa mlio na kuachia. Bolti inayotaka kukatika huwa kama mpira, yazunguka lakini haiendi. Ukihisi hivyo, simama papo hapo.

Nne, tumia moto. Futa mafuta yote kwanza, na uondoe vipande vya mpira vilivyo karibu. Kwa joto lile lile aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Katika shimo la milimita 8, joto likiongezeka digrii 100, tofauti hiyo ni karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Ni ndogo, lakini kwa kutu ni nyingi. Pasha mwili unaoizunguka bolti, usiipashe bolti peke yake. Tone la maji likichemka mara liguspo, joto latosha. Usingoje kuona wekundu kama wa chuma, kwani aluminiamu huyeyuka kabla ya kukuonya kwa rangi. Kungali na joto, gusisha mshumaa kwenye bolti: nta itayeyuka na kuvutwa ndani ya hesi, kama mafuta yavutwavyo na utambi wa taa.

IKIWA IMEKWISHA KUKATIKA

Kipande kikibaki nje, kishike kwa koleo ya kujifunga, au mpe mchomeleaji akichomelee nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe husaidia kulegeza. Kazi ngumu ni bolti iliyokatikia usawa wa mwili.

Muhula uliopita mzee mmoja wa kijiji cha jirani alituletea katika karakana pampu ya namna hiyo. Bolti ya milimita 8 inayoshika bomba la moshi ilikuwa imekatikia ndani. Alituambia, "Wanangu, nimeambiwa ninunue silinda mpya, na fedha sina. Nyanya zangu hazitangoja." Tukamjibu, "Tuachie, babu, lakini utupe siku tatu, si moja."

Siku ya kwanza tulisawazisha kipande kwa tupa, tukatia alama katikati kabisa kwa panchi, maana tundu likienda upande, biti hula hesi ya aluminiamu. Tulitoboa kwa keekee polepole, kwa biti ya milimita 3, kisha ya milimita 5, tukatia mafuta. Siku ya pili tuliingiza kitoa-bolti, kile chuma cha mfano wa pia chenye mifuo ya kushoto, ambacho hujikaza kadiri unavyolegeza. Hakikusogea. Wenzangu wawili walitaka mpini mrefu zaidi. Mimi niliwaomba tusimame, kwa kuwa chuma hicho ni kigumu mno, na kikivunjikia ndani biti za kawaida haziwezi kukitoboa. Wahenga walisema, mkamia maji hayanywi. Tulikitoa, tukapasha moto, tukagusisha mshumaa, tukaacha ipoe hadi kesho yake. Siku ya tatu tulipasha tena, na mara ile kipande kikazunguka robo, kikarudishwa, kikazunguka nusu, kikatoka. Jioni ile mzee aliondoka na pampu yake, na silinda ilikuwa ile ile ya zamani.

Kingekataa kabisa, ingebaki njia moja: kutoboa kwa biti ya milimita 6.8, kuokota mabaki ya chuma, na kusafisha hesi kwa chombo cha kukatia hesi cha milimita 8.

KUZUIA NI BORA

Unaporudisha bolti, safisha hesi, paka grisi ya shaba kidogo, na uianze kwa vidole; isipoingia kwa vidole, ujue imekaa mshazari. Bolti yenye grisi huteleza, basi usiikaze kwa nguvu zote. Kwa ile ya milimita 6, fikiri kilo 10 mwishoni mwa spana ya sentimita 10, isizidi hapo.

Mwenye injini nyumbani na afanye hivyo likizo hii, kabla bolti haijaganda. Na aliye na bolti iliyokwisha kuganda, asiikate. Aitie mafuta leo, alale, aiguse kesho.