Mali bila Daftari: Gharama na Uendeshaji wa Kikundi cha Hiari cha Watafiti wa Nasaba Isiolo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya utamaduni, lakini ni nadra kuulizwa swali linaloifuata: anayetaka kuishika asili yake, aishike kwa gharama ya nani? Nasaba haihifadhiwi kwa mapenzi matupu. Mzee anayekumbuka vizazi kumi huenda anaishi Merti au Garba Tulla, na kumfikia kunahitaji nauli. Hati inayotaja kijiji cha babu imehifadhiwa Nairobi, kilomita zipatazo 280 kutoka mji wa Isiolo. Sauti iliyorekodiwa leo hupotea kesho iwapo hakuna aliyelipia mahali pa kuitunza.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kikundi cha hiari cha watafiti wa historia za familia kinavyoweza kugharimiwa na kuendeshwa katika Isiolo. Hoja yetu ya msingi ni kwamba, mahali ambapo ukoo wa mtu umewahi kuamua kodi yake, makazi yake na kitambulisho chake, chanzo cha fedha si jambo la mweka hazina peke yake. Anayelipia daftari hupata nguvu ya kuamua nani aandikwe na nani aachwe. Kwa hiyo fedha za kazi hii yafaa ziwe ndogo, za wengi, na zenye hesabu iliyo wazi.

Uzito wa nasaba katika Isiolo

Isiolo ni mahali pa kukutania. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru huishi humo pamoja na wengine waliokuja kwa biashara na kazi za serikali. Miongoni mwa walioujenga mji huo ni Wasomali wa ukoo wa Isaaq, baadhi yao askari waliotumikia jeshi la King's African Rifles, ambao walipewa makazi huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Historia ya Waisaaq hao ina funzo kwa mada yetu. Kati ya miaka ya 1936 na 1941 walivutana na serikali ya kikoloni kuhusu kodi ya kichwa. Serikali iliwapanga katika daraja lililolipa kodi ndogo kuliko Waasia. Wao walidai walipe kodi kubwa zaidi, ile ya Waasia, kwa hoja kwamba nasaba yao inatokana na Sheikh Ishaq, waliyemhesabu kuwa ni Mwarabu. Walichanga fedha, wakaandika maombi hadi London, na wakatafuta msaada wa ndugu zao waliokuwa Somaliland ya Waingereza na katika bandari za Uingereza. Madai yao hayakukubaliwa. Hata hivyo, tukio hilo linadhihirisha mambo mawili: kwanza, jamii iliyotawanyika inaweza kugharimia jambo la nasaba kwa mchango wake yenyewe, pili, fedha zikikusanywa ili kuthibitisha dai fulani, nasaba nayo husimuliwa kwa namna inayolifaa dai hilo.

Baada ya uhuru uzito huo haukupungua. Wakati wa vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, familia nyingi za wafugaji wa Isiolo zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tulla na Merti, na mifugo wengi wakafa au kuuawa. Waborana hukiita kipindi hicho Daaba. Kwa mtafiti wa nasaba, Daaba ni mpasuko: kuna waliokufa bila kuandikwa, na kuna waliokimbia wasirudi. Kisha mwaka 1989 serikali iliendesha uhakiki wa Wakenya wenye asili ya Kisomali, ambapo raia alitakiwa athibitishe ukoo na uraia wake ili apewe kadi maalumu. Mahojiano ya ziada kwa waombaji wa vitambulisho yaliendelea kwa miaka mingi katika maeneo ya kaskazini, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotia saini tamko la kuyaondoa.

Ni dhahiri basi kwamba swali la "babu yako ni nani?" haliulizwi Isiolo kwa udadisi tu. Limewahi kuulizwa na karani mwenye mhuri mkononi. Kikundi chochote kitakachokusanya majibu ya swali hilo kimebeba amana.

Vyanzo na lugha ya utafiti

Chanzo cha kwanza ni kumbukumbu za wazee. Wasomali huwafunza watoto kuhesabu majina ya baba na mababu kwa mfululizo, desturi iitwayo abtirsi. Waborana huhesabu ukoo kwa gosa, na wajuzi wao hupima wakati kwa vipindi vya gada, ambavyo kila kimoja ni miaka minane. Mzee akisema kwamba nyanya yake alizaliwa katika kipindi cha kiongozi fulani wa gada, mtafiti anaweza kukadiria mwaka. Wasamburu nao hutumia marika. Mtu asiyejua mbinu hizi atadhani kwamba mzee hajui tarehe, kumbe ni yeye asiyejua kuisoma kalenda ya mzee.

Chanzo cha pili ni hati. Idara ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, huhifadhi Nairobi ripoti za kila mwaka za maofisa wa wilaya za kikoloni. Ripoti hizo hutaja machifu, malisho, kodi na mapigano. Lakini ziliandikwa na watawala waliokusudia kutawala. Majina yalikosewa tahajia, na wanawake hawatajwi ila kwa nadra. Aidha, ingawa sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kutumika mwaka 1928, uandikishaji wa lazima ulizifikia sehemu nyingi za nchi miongo mingi baadaye. Hivyo ukosefu wa cheti si ushahidi kwamba mtu hakuwapo.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na kazi mahususi. Kiswahili ndiyo lugha inayoziunganisha jamii za Isiolo, na kina msamiati wa kutosha wa ujamaa: mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza kwa vizazi vinavyoshuka, ukoo na mlango kwa matawi. Lakini baadhi ya maneno yake ni mapana mno. Neno "ndugu" laweza kumaanisha mtoto wa mama mmoja, binamu, au mtu wa kabila moja. Karani wa kikundi hana budi kuuliza: ni ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja, wa kunyonya, au wa ukoo tu? Vilevile, neno la asili la Kiborana, Kisomali au Kiturkana liandikwe kwanza kama lilivyotamkwa, kisha lifuatiwe na maelezo ya Kiswahili. Tafsiri ikitangulia, jambo lenyewe hupotea.

Njia za kugharimia

Duniani kote kazi ya nasaba imegharimiwa kwa njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni mfadhili mkubwa. Shirika la FamilySearch la Marekani, ambalo chimbuko lake ni chama kilichoundwa Utah mwaka 1894, hugharimiwa na kanisa la Wamormoni. Njia ya pili ni biashara, yaani kampuni kuwauzia watu ruhusa ya kusoma kumbukumbu. Njia ya tatu ni mchango wa hiari wa watafiti wenyewe.

Njia hii ya tatu ina mifano miwili inayofaa kulinganishwa. Jumuiya ya RootsWeb ya Marekani ilijengwa katika miaka ya 1990 na watu wa kujitolea na kutegemea michango ya watumiaji. Gharama za mitambo zilipokuwa kubwa, mwaka 2000 ilichukuliwa na kampuni inayomiliki Ancestry. Kazi ya bure ya maelfu ya watu ikawa chini ya mwenye mali mmoja, na uamuzi wa kuendeleza au kufunga huduma ukatoka mikononi mwa walioijenga. Nchini Uingereza, FreeBMD ilianza mwaka 1998 ikiwa na watu wa kujitolea walionakili faharasa za vizazi, ndoa na vifo. Wao walijisajili kama asasi ya hisani, na faharasa hizo zimebaki bure kwa umma. Tofauti ya mifano hii haikuwa bidii ya wanachama. Ilikuwa ni swali la nani anamiliki kilichokusanywa.

Kwa Isiolo hatuna haja ya kuanza na mitambo ya gharama kubwa. Chama cha kuchangiana kinajulikana kila mtaa, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mwanachama aliye Nairobi au Mombasa anaweza kutoa mchango wake bila kusafiri. Tuchukue mfano wa kubuni. Wanachama 40 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, kikundi hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Fedha hizo zaweza kugawanywa hivi: 8,000 kwa safari za kwenda kusoma nyaraka Nairobi, 6,000 kwa nauli za kuwafikia wazee wa Merti, Kinna na Garba Tulla, 4,000 kwa karatasi na nakala, 3,000 kwa kutunza rekodi za sauti katika sehemu mbili tofauti, na 3,000 akiba. Fedha hizi si nyingi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakina bwana mmoja.

Je, mwanasiasa au mfanyabiashara akileta shilingi 100,000? Tunapendekeza kanuni mbili. Kwanza, mchango wa mtu mmoja usizidi sehemu ya kumi ya bajeti ya mwaka. Katika mfano wetu, hiyo ni shilingi 2,400. Pili, mchango usiambatanishwe na sharti lolote kuhusu ukoo utakaotangulia kuandikwa. Anayetaka kutoa zaidi anaweza kununua kifaa, kama vile kinasa sauti, mbele ya mkutano, na kifaa hicho kikawa mali ya kikundi.

Uendeshaji

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inakiruhusu kikundi cha watu wasiopungua kumi kusajiliwa kikiwa na katiba yake. Katiba hiyo iseme waziwazi kwamba kumbukumbu haziuzwi, na kwamba kikundi kikivunjika zitakabidhiwa wapi. Bila kifungu hicho, wanachama hujenga nyumba katika kiwanja cha mtu.

Katika uongozi, kazi tatu zitenganishwe: mweka hazina atunze fedha, katibu atunze hesabu ya matumizi, na mtunza kumbukumbu atunze nasaba. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeshika majina. Hesabu isomwe kila baada ya miezi mitatu mbele ya wanachama wote, pamoja na risiti za nauli hata zikiwa za shilingi 200. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kikundi cha hiari kinachopotea mwanzo si shilingi bali imani.

Suala gumu zaidi ni siri. Kila familia ina habari zinazouma: mtoto aliyelelewa akidhani ni wa kuzaliwa, ndoa iliyokataliwa, babu aliyehama kutoka ukoo mwingine. Habari kama hizo zikimfikia hasimu, zaweza kumnyima mtu urithi au kumfanya aitwe mgeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa njia halali na kwa kusudi lililoelezwa. Kwa hiyo mzee aelezwe kabla ya kurekodiwa, naye awe na haki ya kusema, "Hili liandikwe, hili libaki hapa." Taarifa za walio hai zisomwe na familia husika tu. Familia mbili zikitofautiana kuhusu babu mmoja, kauli zote mbili ziandikwe pamoja na jina la aliyezisema. Kikundi ni karani, si kadhi.

Hatimaye, wanaojitolea huchoka. Dawa yake ni kugawa kazi katika vipande vidogo: mmoja anakili kurasa tano, mwingine ahoji mzee mmoja wakati wa likizo. Nauli yake irudishwe bila kuombwa mara mbili. Kujitolea ni kutoa muda, wala haifai kugeuzwa kuwa adhabu kwa asiye na kitu mfukoni.

Hitimisho

Tumeona kwamba Isiolo ina vyanzo vingi vya nasaba na sababu nyingi za kuvishika kwa uangalifu. Waisaaq wa miaka ya 1930 walithibitisha kwamba jamii inaweza kujigharimia, na RootsWeb imetufunza kwamba kazi ya wengi yaweza kuishia katika miliki ya mmoja. Kati ya mafunzo hayo mawili kuna njia ya shilingi hamsini, katiba fupi na daftari lililo wazi.

Msomaji mpenzi, likizo ijayo utakaporudi nyumbani, iwe Isiolo au kwingineko, keti na mkubwa wa ukoo wenu. Mwombe ruhusa, mwulize majina ya wazazi wa wazazi wake, na uyaandike kama alivyoyatamka. Kisha watafute wenzako tisa. Mzee akifariki kabla ya nauli kupatikana, hakuna mfadhili atakayeweza kuinunua tena kumbukumbu yake.