Kashata za kuuza mtandaoni: huna oveni? Sawa, ila piga hesabu kwanza

Wapambanaji wenzangu, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Sina oveni, nipike nini nyumbani niuze mtandaoni?" Mimi huku Mbwawa, Kibaha, napika kashata. Jiko la mkaa, sufuria nzito, mwiko na ubao vinatosha. Kupika ni rahisi, bei ndiyo inawaumiza wengi.

*MAPISHI*
Karanga nusu kilo, sukari nusu kilo, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai.

1. Chambua karanga. Zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa kabisa, usionee huruma. Sumukuvu haiishi kwa kukaanga.
2. Kaanga, menya, pepeta.
3. Yeyusha sukari bila maji, moto mdogo, mpaka iwe kahawia.
4. Tia iliki na karanga, geuza haraka, mwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, sukuma.
5. Kata ingali moto. Ikipoa itavunjika ovyo.

Utapata vipande kama 40. Wewe hesabu 36, vingine vitavunjika na vingine ni vya kuonjesha.

*HESABU* (ni mfano tu, weka bei za soko lako)
Karanga 2,500
Sukari 1,500
Iliki 500
Mkaa 1,000
Vifuko na stika 1,500
Jumla 7,000

Sasa ongeza ujira wako, tuseme 3,000. Inakuwa 10,000. Vipande 36 ni vifuko 9 vya vipande vinne vinne. Yaani kila kifuko kimekugharimu kama 1,110.

Ukiuza 1,000 kisa jirani anauza hivyo, unapata 9,000. Oda zinaingia, simu haitulii, kumbe unakula ujira wako mwenyewe. Ukiuza 1,500 unapata 13,500. Umejilipa, na faida 3,500 inabaki kwenye biashara.

*USAFIRI*
Bodaboda ya kufikisha mzigo barabara ya Morogoro na nauli ya kwenda Dar visitoke kwenye hiyo faida. Andika kwenye tangazo: "Usafiri juu ya mteja." Panga siku mbili za kutuma kwa wiki, oda ziende pamoja.

*MSIMU*
Juni hadi Agosti hewa ni kavu, kashata zinakaa vizuri. Masika sukari inanyonya unyevu, zinanata. Pika kidogo kidogo kwa oda, funga zikishapoa tu, ziba kifuko kwa mshumaa. Korosho zikianza kuvunwa, kuanzia Oktoba, tengeneza na za korosho. Nunua zilizovunjika, bei yake iko chini na kwenye kashata haionekani.

Kwenye stika weka tarehe ya kupika, namba ya simu na neno "INA KARANGA", wapo ambao zinawadhuru.

Leo chukua daftari, andika gharama ya kifuko chako kimoja. Kisha ndio upost bei. Umepata shilingi ngapi? Tuambie hapo chini.